Daftari la Mweka Hazina

Tulikuwa sita, washonaji wa chumba kimoja huko El Alto,
na kwa miezi kumi na minne tulidondosha sarafu
katika kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu ya nyuzi.
Mimi niliandika. Siaminiki kwa mengi,
naimba vibaya, nachelewa, nasahau siku za kuzaliwa,
ila hesabu wananiachia.

Primitiva: kumi. Nieves: kumi. Filomena: kumi na mbili.
Zenobia: tano, na ahadi.
Zenobia tena: ahadi.

Wakala alituuzia safari ya bei ya chini kuliko zote:
siku tatu, Landkruza moja kuukuu, dereva ndiye mpishi,
maji ya moto hayakutajwa.
Ghali haikosi maana, rahisi haikosi ila, akanong'ona Nieves.
Basi tukaanza kuitafuta ila yetu tangu Uyuni,
tukichungulia tairi, breki, meno ya dereva.

Kwenye chumvi hatukuiona.
Chumvi! Ile ya kudokoa kwa vidole viwili jikoni,
hapa imekuwa nchi,
haina mti, haina ukuta, haina wa kukwambia ondoka.
Filomena akavua viatu
akatembea kwa vidole, taratibu,
kama aliyeingia nyumba ya watu iliyodekiwa sasa hivi.

Siku ya pili, ziwa jekundu na heroe wasiohesabika.
Nilijaribu kuwahesabu. Nilifika mia tatu na nne, wakaruka.
"Rangi ile tumeishona," akasema Primitiva.
"Sketi mia mbili za kanivali, satini ya Oruro,
na yule mteja akazirudisha,
akadai rangi ya namna hiyo haipo duniani."
Akawatazama heroe kwa hasira, muda mrefu,
kana kwamba wangemlipa.

Ndipo ila ikajitokeza, juu ya paa.
Upepo ulilipasua turubai toka pembe hadi pembe,
blanketi la Nieves likaenda zake upande wa Chile
bila pasipoti,
sufuria ikafuata, ikigonga mawe.
Don Severo akasimamisha gari, akatema koka.
Mizigo wazi, akasema, usiku wa huku unaua. Tunarudi.
Hakuna fidia.

Zenobia hakujibu. Alivua kofia.
Ndani ya ukosi wake, sindano, iliyokaa hapo
tangu siku ya harusi ya dada yake.
Uzi aliufumua kwenye shali aliyojifunga.
Tukaketi kwenye kivuli cha upepo, magongo yetu yakigusana,
karibu mita elfu tano juu ya bahari ambayo nchi yetu haina,
pumzi fupi, vidole vikavu kama kuni,
tukashona kwa zamu, mshono wa kurudi nyuma, mara mbili.
Don Severo alishika kingo, mpole kama mwanagenzi.
"Vuta," tukamwambia. "Si hivyo. Vuta vizuri."

Usiku tulilala sita katika vitanda viwili.
Hakuna aliyepata usingizi; hewa ilikuwa haba.
Filomena alisimulia habari za mume wake,
zile ambazo kazini cherehani huzifunika.
Hatukusema kitu. Mtu mmoja, sijui nani,
alimsogezea miguu yenye joto.

Alfajiri tuliiona ardhi ikichemka bila jiko.
Turubai lilikuwa palepale.

Nimefunga hesabu tukiwa ndani ya basi la kurudi.
Kiingilio cha hifadhi. Mikate. Choo, mara saba.
Sufuria ya Don Severo, nusu bei, baada ya mabishano.
Pungufu: mia na kumi.
Sindano moja, uzi mita tisa: nilikaa na kalamu,
nisijue niviandike safu ipi.
Zenobia akaegemea begani kwangu, akasoma jina lake.
"Bado nadaiwa?"
"Bado," nikasema.
Lakini nimeandika kwa penseli.